Uyoga wa Mama Katungu

Tulimzika Maman Léocadie, fundi aliyetufundisha kushona, kwenye mteremko wa makaburi ulio juu ya mji wa Butembo, mvua ikitishia bila kunyesha, na watu walipokuwa wakikung'uta udongo mwekundu viatuni mwao, mkono mmoja ulinishika kiwiko kutoka nyuma. Nilijua ni nani kabla sijageuka. Kavugho hakushiki mkono. Anakushika kiwiko, kama anayemzuia mwenzake asiingie barabarani. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita. Amenenepa, anauza mafuta ya mawese sokoni, na vidole vyake vyembamba vya zamani vimekuwa vidole vya mtu wa kubeba madumu. "Béa," aliniambia, "umezeeka sawa mimi." Tulikwenda matangani pamoja, tukakaa benchi moja chini ya turubai, tukala wali na maharage kutoka sahani moja kwa sababu sahani hazikutosha. Mpwa wa marehemu alitoa kabatini mito ya viti aliyoishona shangazi yake, watu waione, na mmoja ulikuwa na uyoga, rangi yake ya kahawa imepauka. Kavugho aliupokea, akaugeuza kutazama upande wa nyuma jinsi nyuzi zilivyofungwa, kama tulivyofundishwa, kisha akampa mtu wa pili. Tulipokuwa tunaagana ndipo aliposema: "Wewe ulisomaka. Andika mambo ya mama. Mimi nikifungua kinywa, inakataa." Sikumuuliza kwa nini sasa. Nimerudi nyumbani, nimekaa mezani kila alasiri kwa majuma kadhaa, na haya ndiyo niliyoweza.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na sikujua la kufanya na mikono yangu. Baba alikuwa mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa Butembo kutoka mbali, upande wa mto mkubwa, na kuhusu nyumba yetu hayo yanatosha. Mama alinipeleka kwa Maman Léocadie nijifunze kushona, ili nisikae barazani nikisikiliza muziki na wake za askari. Atelie ilikuwa chumba kirefu cha matofali nyuma ya parokia, chenye mabati yaliyotiwa moshi wa mkalitusi, na asubuhi ukungu uliingia kwa dirisha lisilo na kioo ukakaa nasi kama mwanafunzi mwingine. Cherehani zilipangwa mbele, penye mwanga. Sisi wa broderi, yaani kutarizi, tulikaa nyuma, kwenye mabenchi, mablanketi magotini kwa sababu ya baridi. Tulikuwa tunashona misalaba: mshono mmoja umelala hivi, wa pili umelala juu yake hivi, na mingine ubavuni, mpaka misalaba mingi inakuwa jani, au herufi, au uso wa Bikira Maria. Vitambaa vyenye vishimo vya kuhesabia havikupatikana Butembo, au vilipatikana kwa watu wasio sisi. Kwa hiyo tulifua gunia, tukakata kipande, tukakishikiza juu ya kitambaa cheupe cha kawaida, na nyuzi za gunia zilitupa miraba ya kufuata. Kazi ikiisha, ulivuta nyuzi za gunia moja moja kutoka chini ya misalaba, polepole, na picha ikabaki peke yake juu ya cheupe. Nilipenda saa ile ya kuvuta kuliko kushona kwenyewe. Ilikuwa kama kumwona mtu akitoka kwenye umati wa watu.

Wasichana wengine walikuwa wa Butembo na wa vijiji vya jirani, wa Vuhovi, wa Masereka, na walipotaka nisielewe walisema Kinande. Nilielewa zaidi ya walivyodhani. "Balingala bananona mushahara," nilimsikia mmoja akisema siku ya kwanza, akimaanisha sisi wasema Kilingala, "na batu ya Beni banakufa." Hakuwa ananichukia mimi, alikuwa anachukia kitu kilichokuwa nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Kavugho aliingia atelie juma hilohilo, amevaa sweta ya msaada yenye mikono mirefu kupita yake. Alikuwa ametoka Eringeti na mama yake, kwa miguu mpaka Oicha na kwa lori mpaka Butembo, baada ya watu kuuawa mashambani kwao. Alikaa karibu nami kwa sababu kwangu tu ndipo palipokuwa na nafasi. Wageni wawili, mmoja aliyeletwa na kazi ya baba na mwingine aliyeletwa na mapanga. Hiyo ndiyo sababu ya urafiki wetu, na sitaki kuipamba.

Katikati ya mvua za mwaka ule Maman Léocadie alirudi kutoka Beni na kazi. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa anafungua nyumba ndogo ya wageni pale, na alitaka vitambaa vya meza na vifuniko vya vitanda vya vyumba vyote. "Lakini hataki maua," Maman alituambia, bado amefunga leso ya safari. "Hataki waridi, hataki ile ndege ya shingo murefu. Anasema: munishonee kitu ya kwetu." Tulikuwa na mifano ya kunakili iliyokatwa katika magazeti ya zamani ya masista, yote waridi na ndege wa shingo ndefu. Mmoja akasema ndizi. Mwingine akasema kahawa. Kavugho, ambaye tangu aje alikuwa hajasema mbele ya watu wote, alisema akitazama chini: "Kwetu kuko buyoga." Wasichana walicheka. Maman Léocadie pia alicheka, alikuwa mtu wa kucheka, lakini alikata karatasi ya miraba kutoka kaye, daftari la hesabu, akampa. "Chora tuone. Mulaji akiona buyoga ku meza, pengine atasikia njaa."

Kavugho hakujua kuchora. Alijaribu siku nzima, na uyoga wake ulitoka kama msumari. Jioni aliniambia nimfuate nyumbani, mama yake atatuambia. Walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na kijito, chenye ukuta wa mbao upande mmoja, na nyuma ya mbao hizo kulikuwa na familia iliyosema kila kitu kwa sauti: bei ya makaa, ugonjwa wa mtoto, wakimbizi. "Bei ya nyumba imepanda sababu ya bakimbizi," tulisikia mwanamke akisema wakati Mama Katungu anatukaribisha tuketi kwenye mkeka. Mama Katungu hakugeuza kichwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na namna ya kushika mikono yake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Alitupa bukari, yaani ugali, na uyoga mkavu aliouchemsha na karanga zilizosagwa, uyoga wa sokoni, na alituomba radhi kwa ajili yake kana kwamba ulikuwa mtoto mwenye tabia mbaya. "Huu umekauka vibaya," alisema. "Haukukaushwa ku jua. Banaukaushia ku moto, njo inakuwa na moshi." Mimi niliuona mtamu. Nilikula mpaka Kavugho akanicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na mama yake akamtazama binti yake akicheka, kisha akatazama mlango.

Baada ya chakula alitazama mchoro wetu kwa muda. "Hapana, haiko vile. Mumeweka sahani juu ya fimbo. Ile ya kichuguu inatoka imefunga kwanza, sawa mwavuli ya mutu anaingia mu nyumba. Kesho yake njo inafunguka. Na katikati yake, hapa, iko na kichwa kidogo cheusi, sababu inatoboa udongo nayo." Kavugho alifuta, akajaza miraba upya, mimi nikimshikia taa ya tochi kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Kofia ya uyoga ni mviringo, na miraba haipendi mviringo. Ukizembea inakuwa ngazi. Tulijifunza kurefusha mistari ya katikati na kufupisha ya kandoni, na pembeni kabisa kutia nusu ya msalaba, ili jicho lidanganyike. Chini ya kofia, kwenye mikunjo ile myembamba kama kurasa za kitabu, tulihitaji rangi tatu za kahawa, na uzi wa tatu tuliupata kwa kufumua sweta ya Kavugho kwenye mkono ule uliozidi urefu.

Tukawa tunakwenda karibu kila jioni. Mama Katungu alitueleza uyoga mmoja baada ya mwingine. Ule mdogo unaotoka mwingi pamoja baada ya mvua ya kwanza, mweupe, unaofagiliwa kwa mkono kama wali uliomwagika. Ule wa magogo yaliyooza, unaofanana na sikio, ambao watoto hutega masikio yao juu yake kwa mchezo. Mwekundu usioliwa, ambao tulimwomba ruhusa ya kuushona kwa ajili ya rangi yake, naye akakataa: "Ku meza ya watu ya kula? Hapana, batoto yangu. Mutu asione sumu wakati anakula." Alikuwa anasema huku macho yake yamefungwa, na nilielewa taratibu kwamba hakuwa anakumbuka uyoga kwa ujumla. Alikuwa anakumbuka asubuhi moja. Alikuwa anatembea tena njia ileile, kichuguu hiki, gogo lile, na njiani kulikuwa na binti yake mdogo, Kahindo, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, amebeba kikapu. Kikapu kilipojaa, alimwambia: "Tangulia, weka maji ku moto, mimi naona kichuguu kingine pale." Kila mara masimulizi yake yalifika hapo, kwenye maji na moto, kisha akafumbua macho akatuuliza kama tumeandika ile rangi. Mengine niliyajua kwa Kavugho, siku tuliyokuwa tunafua magunia mtoni. Watu wenye mapanga walikuwa wametangulia kijijini. Kahindo hakuonekana miongoni mwa waliokufa. Walionusurika walisema watoto kadhaa walichukuliwa porini kubeba mizigo. Mama yake aliamini hivyo, kwa sababu ilikuwa habari njema kuliko ile nyingine.

Nikitazama nyuma, najiuliza tulikuwa tunafanya nini, sisi watatu, kwenye mkeka ule. Kavugho alidhani anamliwaza mama yake. Mimi nilidhani tunajifunza kazi. Nilikuwa msichana, na niliamini kwamba kitu kikielezwa vizuri, kikahesabiwa mraba kwa mraba bila kukosea, lazima kitoe kitu, kama vile kichuguu kinavyotoa uyoga. Vitambaa vilikuwa vinapendeza kupita chochote kilichowahi kushonwa atelie ile. Wasichana walioucheka uyoga walikuja kusimama nyuma ya benchi letu. Maman Léocadie alipovuta uzi wa mwisho wa gunia kwenye kitambaa kikubwa, vichuguu viwili na uyoga umezunguka pande zote nne, alijipangusa macho kwa leso akasema tu, "Bon," vyema. Kila tulichokigusa kilikwenda sawa. Ndiyo maana sikuona Mama Katungu alikokuwa anaelekea.

Tulikwenda Beni kupeleka kazi, Maman Léocadie, Kavugho, mama yake na mimi, tumebanana kiti cha nyuma cha gari la abiria na mabunda ya vitambaa magotini. Mama Katungu aliomba kuja. Alisema anataka kuona vitambaa vikitandikwa. Beni kuna joto kuliko Butembo, na tulivua sweta zetu njiani, na baada ya kizuizi cha askari dereva alizima redio akaendesha kimya. Mwenye nyumba alitupokea vizuri. Alitandika kitambaa kikubwa juu ya meza ya sebuleni, akarudi nyuma akatazama, akapiga makofi. Mama Katungu alipitisha kiganja juu ya misalaba, polepole, kichuguu cha kwanza, kichuguu cha pili. "Batamwaga mchuzi juu yake," alisema, na mwenye nyumba akacheka akidhani ni mzaha.

Mpishi wa nyumba ile, mama wa Oicha, alikuwa amesikia kwamba tumekuja na mtu wa Eringeti. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akasema bila kupima maneno, jinsi watu wanavyosema habari za namna hiyo pale, kwamba watu waliotekwa wameanza kutoroka kutoka porini, kwamba wamefika wanawake na watoto, wengine bado wako Oicha na wengine wanaonekana upande wa Eringeti, wamekonda, wanaogopa hata kuku. Nilimwona Mama Katungu akisimama. Alichukua mfuko wake.

"Mama, turudi Butembo," Kavugho alimwambia uani. "Tutatuma mutu aulize."

"Mutu gani? Nani anajua sura yake?"

"Njia ni mubaya. Unajua njia ni mubaya."

"Butembo nitaenda kufanya nini? Kukwambia tena buyoga?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasema kama mtu anayeeleza hesabu. "Nimekwisha kuwaambia yote. Haibakie hata moja."

Maman Léocadie alijaribu pia, alimshika mabega, alimwita dada, alimkumbusha kwamba ana mtoto mmoja mbele yake. Mama Katungu alimwinamia kwa heshima akasema, "Wasingya, dada," asante, kwa Kinande, kisha akasema atafika Oicha tu. Asipopata habari atarudi. Kavugho alilia akishika kiwiko chake. Mama yake alimwachia kiwiko hicho muda mrefu, kisha akakitoa. Tuliona pikipiki ikimchukua, ameketi upande, mgongo wake umenyooka, mfuko mapajani.

Alipiga simu mara moja kutoka Oicha, kwa simu ya mtu. Msichana aliyemwona hakuwa Kahindo. Kuna mwingine, walimwambia, Eringeti kwenyewe. Baadaye tulisikia kwamba alifika Eringeti, akafikia kwa jamaa, na kwamba alianza kufuatana na wanawake waliokwenda mashambani mchana na kurudi kabla ya giza, kwa sababu huko ndiko waliotoroka walikokuwa wanajitokeza. Halafu tukasikia kwamba kundi hilo halikurudi. Watu walikwenda kuwaokota waliokufa. Mama Katungu hakuwamo. Walikuta kitambaa chake cha kichwa, au kitambaa kinachofanana nacho. Kavugho aliambiwa hayo mlangoni mwa atelie na binamu yake aliyetoka Beni, wakati sisi tunakata gunia kwa kazi ya pili, kwa maana mwenye nyumba ya wageni alikuwa ametaka vitambaa zaidi. Alirudi kwenye benchi akaketi. Alichukua sindano. Alishona misalaba mstari mzima, imenyooka, bila kukosea, kisha akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa fremu ya mbao iliyobana kitambaa, akakaa hivyo, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Siku zilizofuata wasichana wengine walinigeuka, mimi mtoto wa mtumishi wa Serikali. Hakuna aliyenitukana. Walihamisha tu mablanketi yao. Kavugho mwenyewe aliniuliza mara moja, kwa upole: "Baba yako hasikie kitu ku bureau yake?" Nilimwuliza baba mezani, mbele ya samaki wa chumvi na ndizi. Aliweka kijiko chini. "Mwana na ngai, mwanangu, bureau yangu ni ofisi ya kahawa," alisema. "Ninajua magunia mangapi yamepita. Mambo ya watu hawaniambii." Aliona aibu, na alipoona nimeiona, alikasirika, akaniambia nile. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu mzima mwenye ofisi, mhuri na gari la kazi anaweza kuwa hana kitu kabisa mikononi. Nimekutana na wengi tangu hapo. Lakini wa kwanza alikuwa baba yangu, na tangu siku ile sikuwahi tena kukaa mezani kwake kama mtoto.

Kahindo alikuja mvua inapiga mabati mpaka tulikuwa tunasemezana kwa mikono. Sista mmoja wa Oicha alimleta. Alikuwa mrefu kupita alivyosimuliwa, nywele zimenyolewa, amevaa gauni jipya lenye mikunjo ya dukani. Alikuwa ametoroka na wengine wawili, wakati watekaji wao walipokuwa wanavuka mto, akatokea mbali kabisa na Eringeti, na ikachukua majuma kabla mtu hajajua ni wa nani. Kavugho alisimama, fremu ikaanguka, nyuzi zikasambaa sakafuni. Walishikana katikati ya chumba. Wasichana walianza kuimba wimbo wa kanisa, na Maman Léocadie alikuwa anasema "Nyamuhanga, Nyamuhanga," jina la Mungu, tena na tena. Mvua ilipungua. Ndipo sote tukasikia mtoto akiuliza, mdomo wake bado umebanwa begani mwa dada yake:

"Mama iko wapi?"

Kahindo alirudi nyuma akamtazama usoni, akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayemtafuta kati yetu.

"Alienda kukutafuta," Kavugho alisema.

"Wapi?"

"Kule."

Kahindo aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Aliinama akaanza kuokota nyuzi zilizotawanyika, akizipanga kwa rangi juu ya benchi, mpaka zote zikaisha, na hakuna aliyejua kumwambia aache.

Alikaa na dada yake katika kile chumba karibu na kijito, na mchana alikuja naye atelie. Alikula ameegemea ukuta, na kila mlo alificha kipande cha bukari ndani ya kitenge chake. Siku moja Maman Léocadie, ili kumfurahisha, alipika uyoga mbichi aliouleta kutoka sokoni mwenyewe. Kahindo aliula wote, haraka, bila kuutafuna vizuri, kisha akasema, "Kule tulikula bila chumvi." Maman alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu. Kazi ya pili ilikuwa imekaribia kuisha, kitambaa kikubwa kuliko cha kwanza, na Kavugho alikuwa amerudi kukishona kwa nguvu mpya, akidhani, nadhani, kwamba sasa ana mtu wa kumshonea. Alimwita mdogo wake aje aone. "Ni buyoga ya mama," alimwambia. "Yeye alituambia yote, vile mulikuwa munaokota. Ona kichuguu yenu." Kahindo alisimama mbele ya fremu. Alitazama kila pembe, kwa makini, kama mtu aliyetumwa kukagua. Mwishoni aliuliza:

"Na batu bako wapi?"

Kavugho alichomeka sindano kwenye kitambaa, pembeni, pale inapowekwa ili isipotee. Hakuichomoa tena, wala siku ile wala baadaye. Kazi tuliimaliza mimi na Maman Léocadie, na mishono yangu inaonekana. Yangu imekazwa mno.

Mwaka ulipokuwa unaisha, baba alipata barua ya uhamisho. Siku chache kabla hatujaondoka, Kavugho aliniomba nimsindikize parokiani. Ndugu zake wa Beni walikuwa wanauliza matanga yafanyike lini, na yeye hakuweza kuamua, kwa sababu hapakuwa na mwili, na mtu asiye na mwili humlilii bila kuogopa kwamba unamuua wewe mwenyewe. Alikuwa amefikiri kuomba misa kwanza, basi. Tulikwenda watatu, Kahindo katikati. Katika ofisi ya parokia alikaa katekista mzee aliyepokea nia za misa, mtu mpole, mwenye kikohozi. Alimwuliza Kavugho jina. Katungu, alisema, na jina la ubatizo. Mzee akaandika. Kisha akainua kalamu.

"Kwa marehemu, ao kwa mwenye iko muzima?"

Kavugho alifungua mdomo. Nje watoto wa shule walikuwa wanarudia sala kwa pamoja. Mzee alisubiri, akakohoa, akasubiri tena. Nadhani haikuwa mara yake ya kwanza kuuliza swali hilo mwaka ule. Kavugho alinitazama mimi, mgeni, kana kwamba ningeweza kujua.

"Andika marehemu," Kahindo alisema.

Kavugho alimgeukia, mkono umeinuka. Sijui kama alitaka kumpiga au kumziba mdomo. Mtoto hakurudi nyuma.

"Kama angekuwa muzima," alisema, kwa sauti ileile ya chini ya mama yake, "angekuwa amekwisha kunipata."

Mzee aliandika. Kavugho aliketi sakafuni, palepale, na kutoka kwake ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia mlangoni mwa atelie wala uani Beni, sauti iliyokuwa imengoja ruhusa miezi yote ile. Watoto wa shule walinyamaza. Kahindo alisimama kando yake, mikono imening'inia, anatazama ukuta, mpaka dada yake akachoka. Halafu mtoto akamshika kiwiko, akamwinua, nasi tukatoka.